Wangapi Wamemaliza? Takwimu za Elimu ya Juu Pwani na Mzigo wa Karo

Mazungumzo yaliyoandaliwa kusomwa katika mabaraza ya wadi



Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, hesabu inayosikika kwanza ni ya waliopata alama ya C+ na zaidi, yaani kiwango cha chini cha kujiunga na masomo ya digrii. Katika mtihani wa 2022 watahiniwa hao walikuwa 173,345 nchini kote. Mwaka 2023 walifika 201,133. Mwaka 2024 walipita 246,000, takriban robo ya watahiniwa wote. Nambari hizi husomwa redioni, shule husherehekea, na majina ya waliofanya vyema hutajwa msikitini, kanisani na katika vikundi vya WhatsApp vya kijiji.

Hesabu isiyosikika ni ile ya miaka minne au mitano baadaye. Kati ya wale walioitwa vyuoni, ni wangapi walirudi na shahada au diploma mkononi? Mazungumzo haya yanahusu hesabu hiyo ya pili. Ndiyo inayoonyesha kama elimu ya juu inamudiwa kweli na familia za Pwani, au kama kinachomudiwa ni muhula wa kwanza tu.

Jambo hili si la makaratasi. Kijana anayeacha masomo katika mwaka wa tatu hurudi nyumbani bila cheti, lakini mkopo aliochukua haufutiki kwa sababu masomo yamekatika. Mikopo ya shahada ya kwanza ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa kulipa hupigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Familia iliyouza ng'ombe au kipande cha shamba ili mtoto aende chuoni hubaki na pengo, na mtoto hubaki na deni.

Mzigo ulivyo

Hadi kundi la KCSE 2021, mwanafunzi aliyepelekwa na serikali katika chuo kikuu cha umma alitozwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya gharama ya kumfundisha ilipitia mgao wa serikali kuu kwa chuo, na mzazi hakuiona.

Kundi la KCSE 2022 lilikuwa la kwanza kuingia chini ya mfumo uliotangazwa Mei 2023. Katika mfumo huo gharama nzima ya kozi huwekwa wazi, kisha hugawanywa mara tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB na sehemu ya familia. Kwa mpangilio wa 2024, wanafunzi waliwekwa katika mafungu matano kulingana na uwezo wa nyumba zao. Katika fungu la kwanza, la wenye uwezo mdogo zaidi, ufadhili ni asilimia 70, mkopo asilimia 25 na familia asilimia 5. Fungu la pili ni 60, 30 na 10. La tatu ni 50, 30 na 20. La nne ni 40, 30 na 30. La tano ni 30, 30 na 40.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Familia ya fungu la kwanza italipa 10,000. Ya pili 20,000, ya tatu 40,000, ya nne 60,000 na ya tano 80,000. Mwanafunzi akiwekwa katika fungu lisilo lake kwa sababu fomu ilijazwa vibaya au kwa haraka, tofauti hiyo humfuata kila mwaka mpaka rufaa yake isikizwe.

Mfumo huo ulifika mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka Katiba, na suala likapelekwa Mahakama ya Rufani. Mwaka 2025 serikali kuu ikatangaza kupunguzwa kwa karo katika vyuo vikuu vya umma. Mtu anayechunguza takwimu anapaswa kuliona hili: vijana wa kijiji kimoja, walioachana mwaka mmoja tu shuleni, wanaweza kuwa wanalipa kwa kanuni tofauti kabisa. Takwimu yoyote ya karo isiyotaja mwaka ambao mwanafunzi alijiunga haina maana kubwa.

Tena karo si gharama yote. Kuna kodi ya chumba, chakula, nauli, mazoezi ya kazini, uchapishaji wa mradi wa mwisho na ada ya mahafali. Na kuna suala la majira. Mvuvi wa Pwani hupungukiwa wakati wa kusi, bahari inapochafuka kuanzia karibu Aprili mpaka Septemba. Mfanyakazi wa hoteli Diani, Watamu au Malindi hupunguziwa siku za kazi watalii wanapoondoka. Mfugaji wa Ganze au Tana River akikumbwa na ukame huuza mbuzi kwa bei ya hasara. Mwaka wa kwanza chuoni nao kwa kawaida huanza Agosti au Septemba, mfuko wa nyumba nyingi ukiwa umekauka. Familia inaweza kuwa na uwezo wa kulipa 20,000 kwa mwaka mzima, lakini isiwe nazo wiki ambayo chuo kinazitaka.

Nambari zinazopotosha

Taarifa za elimu ya juu hupatikana katika sehemu kadhaa. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hutoa ripoti ya hali ya uchumi kila mwaka, ikiwa na idadi ya wanafunzi waliosajiliwa vyuoni. Sensa ya 2019, katika juzuu lake la nne, inaonyesha kiwango cha elimu cha wakazi wa kila kaunti. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, lina orodha za waliopangiwa. HELB ina kumbukumbu za mikopo. Vyuo vina daftari za usajili na za mahafali. Wadi zina orodha za basari.

Kila orodha ni ya kweli peke yake. Hatari iko katika kuziunganisha ovyo.

Kosa la kwanza ni kugawanya wahitimu wa mwaka huu kwa wanafunzi wa mwaka huu. Chuo chenye wanafunzi 1,000 na wahitimu 200 hakijafaulisha asilimia 20. Wale 200 waliingia miaka minne au mitano iliyopita, pengine chuo kikiwa kidogo zaidi. Njia ya haki ni kulifuata kundi moja: walioingia pamoja mwaka fulani, kisha kuuliza mwaka baada ya mwaka wako wapi.

Kosa la pili ni kuhesabu hundi badala ya watu. Mwanafunzi mmoja akipata basari muhula wa kwanza na muhula wa pili, akapata pia ya hazina ya eneobunge (NG-CDF), anaweza kuonekana kama wanufaika watatu. Ripoti itasomeka vizuri na msaada utaonekana umeenea, kumbe ni mtu mmoja ambaye bado hajamaliza.

Kosa la tatu ni kumhesabu kila asiyeonekana kuwa ameacha. Wapo walioahirisha masomo kwa ruhusa, waliohamia chuo kingine, na waliobadilisha kozi ya digrii wakaenda chuo cha ufundi wakamaliza huko. Huyo wa mwisho si hasara hata kidogo. Anayehitimu stashahada ya umeme na kupata kazi amefika mbali kuliko aliyekaa miaka mitatu katika digrii asiyoimaliza. Kwa hiyo hesabu ya wanaomaliza lazima iwe na vyuo vya kiufundi ndani yake, si vyuo vikuu pekee.

Vituo vitano vya safari

Njia rahisi ya kutumia takwimu hizi katika wadi ni kuiona safari ya mwanafunzi kama yenye vituo vitano. Cha kwanza ni waliofikia alama ya kujiunga. Cha pili ni waliopangiwa nafasi. Cha tatu ni walioripoti chuoni. Cha nne ni waliojisajili kwa mwaka wa pili. Cha tano ni waliohitimu.

Pengo kati ya kituo na kituo lina habari yake. Wengi wakipotea kati ya cha kwanza na cha pili, tatizo huenda ni kuchagua kozi, mtandao au ushauri shuleni, na dawa yake haihitaji fedha nyingi: mwalimu au afisa wa vijana mwenye kompyuta na subira. Wakipotea kati ya cha pili na cha tatu, tatizo ni gharama za kuanza, yaani nauli, godoro, kodi ya mwezi wa kwanza na malipo ya kusajiliwa. Wakipotea kabla ya mwaka wa pili, huenda mkopo ulichelewa, fungu lilikosewa, au kozi haikumfaa mwanafunzi. Wakipotea karibu na mwisho, mara nyingi ni salio la karo linalozuia kadi ya mtihani, au mazoezi ya kazini mbali na nyumbani bila pesa ya kujikimu.

Bila takwimu za vituo hivi, dawa moja hutolewa kwa maradhi manne. Basari inayolipwa Februari haiwezi kumsaidia kijana aliyeshindwa kuripoti Septemba.

Kwa nini Pwani nzima

Kaunti moja peke yake haioni picha kamili, kwa sababu wanafunzi huvuka mipaka. Kaunti sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, zilikuwa na watu 4,329,474 katika sensa ya 2019. Vyuo vikuu vya umma vyenye hati kamili na makao makuu katika eneo hili ni vitatu: Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, vyote vilivyopata hati mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilichopata hati mwaka 2016.

Maana yake ni kwamba kijana wa Hola, Faza au Lungalunga aliyepata kozi katika makao makuu ya chuo kikuu chochote cha umma lazima alale nje ya kaunti yake. Jedwali la karo litamwonyesha akilipa sawa na mwenzake wa Kisauni anayetoka kwao na kurudi kwa matatu. Ukiongeza kodi na nauli, hawalipi sawa. Takwimu za eneo zima zikiandika mwanafunzi ametoka wapi na anasoma wapi, tofauti hiyo itaonekana na itaweza kupangiwa bajeti.

Kaunti hizi sita tayari zina chombo cha kushirikiana, Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Kukubaliana juu ya fomu moja ya basari, yenye maswali yale yale na kumbukumbu zinazoweza kulinganishwa, hakuhitaji jengo wala ofisi mpya. Kunahitaji wanaotunza daftari wakae meza moja.

Basari: kumgusa kila mtu au kumfikisha mmoja

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu, na ni uamuzi wa wananchi wenyewe.

Tuchukue tena mfano wa hesabu tu. Wadi ina shilingi 2,000,000. Kamati inaweza kuwapa wanafunzi 400 shilingi 5,000 kila mmoja. Au inaweza kuwalipia wanafunzi 100 shilingi 20,000 kila mmoja. Njia ya kwanza inagusa nyumba nyingi, na hakuna kijiji kitakacholalamika kwamba kimesahauliwa. Hiyo si hoja ya kupuuza, kwa kuwa fedha ni za umma na kila mlipakodi ana haki ya kuziona. Lakini kama mwanafunzi anadaiwa 20,000 na chuo hakitampa kadi ya mtihani mpaka deni liishe, shilingi 5,000 hazifungui mlango. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni pale haba zote zinapomiminwa katika kibaba kimoja.

Njia ya pili nayo ina hatari yake. Anayechagua wale 100 ana nguvu kubwa, na nguvu isiyo na kanuni hugeuka upendeleo. Tena yupo mwanafunzi ambaye familia imejikaza ikalipa 15,000. Kwake 5,000 ndiyo tofauti kati ya kufanya mtihani na kurudi nyumbani.

Ndiyo maana swali la kwanza halipaswi kuwa "tumpe kila mmoja ngapi?" Linapaswa kuwa "kila mmoja amebakisha ngapi, na yuko kituo gani?" Fomu ya basari inayouliza salio la karo, mwaka wa masomo, fungu la ufadhili na mwezi wa mtihani hugeuza mjadala. Kamati huweza kuona ni nani atakayevuka kwa kiasi kidogo, ni nani anayehitaji kushikwa mkono mpaka mwisho, na ni nani ambaye tatizo lake si karo bali rufaa ya fungu lake.

Ieleweke pia mipaka ya kaunti. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, serikali za kaunti zimepewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo vikuu viko chini ya serikali kuu. Mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti alizikumbusha kaunti kwamba kugharamia ngazi zisizo zao kunahitaji makubaliano rasmi na serikali kuu. Fedha za kaunti zikiwa na mipaka namna hiyo, kuna sababu zaidi ya kuuliza zinazaa nini.

Funzo kutoka New York

Swali hili limepimwa mahali pengine kwa makini. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, kilianzisha mpango uitwao ASAP katika vyuo vyake vya miaka miwili. Wanafunzi wengi walikuwa wa familia zenye kipato kidogo, kama ilivyo hapa. Mpango ulilipia karo iliyobaki baada ya ufadhili mwingine, ukatoa vitabu na kadi za usafiri wa umma, na ukampa kila mwanafunzi mshauri aliyemwona mara kwa mara. Mwanafunzi naye alitakiwa kusoma kwa mzigo kamili wa masomo bila kusitasita.

Watafiti waliwagawa wanafunzi makundi mawili kwa bahati nasibu, wakalifuata kila kundi miaka mitatu. Waliobaki katika utaratibu wa kawaida walihitimu asilimia 22. Waliokuwa ndani ya mpango walihitimu asilimia 40. Mpango uligharimu fedha zaidi kwa kila mwanafunzi, lakini kwa kila mhitimu ulikuwa nafuu, kwa kuwa fedha chache ziliishia kwa watu wasiomaliza.

Pwani si New York, na asilimia hizo haziwezi kuhamishwa hapa. Linalohamishika ni kipimo chenyewe: gharama kwa kila mhitimu, badala ya gharama kwa kila aliyepewa. Linahamishika pia funzo kwamba nauli na mtu wa kumshauri mwanafunzi vinaweza kuwa na uzito sawa na karo.

Wakazi wanaweza kufanya nini

Kwanza, waulize. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Mkazi anaweza kuomba kujua wadi yake imelipia wanafunzi wangapi kwa mwaka, wako mwaka gani wa masomo, na wangapi wamehitimu. Nambari zinatosha. Majina na hali za nyumba za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na si haki umaskini wa mtoto kubandikwa ukutani.

Pili, wahudhurie vikao vya bajeti kwa wakati. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa sera ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayekuja Julai, mwaka mpya wa fedha ukiwa umeanza, hukuta mlango umefungwa.

Tatu, wazazi watunze karatasi. Barua ya kujiunga, taarifa ya fungu la ufadhili, risiti za karo na taarifa ya salio ya kila muhula ziwekwe katika faili moja. Kamati inayotaka kusaidia haiwezi kumsaidia mtu ambaye deni lake halijulikani.

Nne, vijana walioacha masomo wasijifiche. Yule aliyerudi nyumbani na deni na aibu ndiye mwenye taarifa ambayo haimo katika daftari lolote: aliishia kituo gani, na alikosa nini. Wengine walikwama kwa kiasi ambacho wadi ingeweza kukilipa, na baadhi bado wana nafasi ya kurejea au kuhamia chuo cha ufundi. Chifu, mzee wa mtaa na afisa wa wadi wakiwatafuta na kuwasikiliza bila kuwalaumu, orodha ya waliopotea inaweza kugeuka orodha ya wanaorudi.

Basi barazani, taarifa ya basari itakaposomwa na hesabu ya walionufaika itakapotajwa, mkazi mmoja ainue mkono aulize kwa heshima: kati ya tuliowalipia miaka minne iliyopita, wangapi wamemaliza? Jibu likikosekana mara ya kwanza, aulize tena mwaka unaofuata. Daftari huanza kuandikwa pale watu wanapojua litaulizwa.